Kutoka Uvinza hadi Ujiji: Chumvi, Ziwa na Karatasi ya Baba Mdogo

Treni ya Kigoma iliondoka Tabora usiku mkubwa, ikiwa imechelewa kama ilivyo ada yake. Abiria wenzangu, wengi wao wafanyabiashara wa mawese na akina mama waliotoka kuuguza, walijifunika vitenge wakalala. Mimi sikupata usingizi. Ndani ya simu yangu ilikuwamo picha ya karatasi ya kurasa mbili niliyotumiwa na shangazi kutoka Ujiji, pamoja na ujumbe mfupi wa sauti: "Mwanangu, njoo kabla ya Jumamosi. Baba yako mdogo anataka kuuza kilicho chini ya ardhi."

Karatasi hiyo iliandikwa juu yake, kwa herufi kubwa, kuwa ni mkataba wa kuuza haki za gesi, mafuta na madini yote yaliyomo chini ya kiwanja cha marehemu babu yetu, Allah amrehemu. Mnunuzi alikuwa dalali ambaye hakuna mtu katika ukoo aliyepata kumwona kabla ya mwaka huu. Bei ilikuwa shilingi milioni tatu taslimu, na sharti la mwisho lilisema kwamba wauzaji na warithi wao hawatadai chochote milele, kipatikane kitakachopatikana. Neno hilo "milele" ndilo lililonipandisha treni.

Mapambazuko yalitukuta katika nchi tambarare ya mto Malagarasi, matete pande zote mbili na ndege weupe wasioshtushwa na honi. Ardhi hii oevu, pamoja na ile ya Muyovozi, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye umuhimu wa pekee. Kisha ikaja Uvinza. Treni ilisimama kwa muda mrefu, na madirishani wakatokea vijana wenye madumu ya asali na mifuko ya chumvi. Nilinunua kilo mbili za chumvi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele yangu alicheka, akaniuliza kama Tabora hakuna chumvi madukani. Nikamjibu kwamba chumvi ipo, ila hii nainunua kwa ajili ya historia yake.

Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza ziko karibu na mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Wataalamu wa mambo ya kale waliofukua hapo mwaka 1967 walikuta vigae vya vyungu na mabaki ya meko, wakakadiria kuwa kazi ya kupika chumvi mahali hapo ina umri wa karne kumi na tano hivi. Kwa hesabu hiyo, meko ya Uvinza yalikuwa yakiwaka karibu na zama zile alizozaliwa Mtume wetu (s.a.w.) huko Makka. Wakati wa kiangazi watu walikuja kutoka mbali, wakateka maji ya chumvi, wakayachemsha kwa kuni mpaka chumvi ikabaki chunguni. Watawala wa Wavinza walichukua fungu lao, na iliyobaki ilikwenda Unyamwezi, Burundi, Ujiji, na kwa mitumbwi hadi ng'ambo ya ziwa kwa Wamanyema.

Jambo linalonivutia katika habari hii ni kwamba chemchemi haikuuzwa. Mtawala alitoza fungu, naam, na pengine alitoza kwa ukali. Lakini aliyekuja na chungu na kuni alipika, akatoa kilichomlazimu, akaenda zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga hapo kiwanda, wakapaita Gottorp kwa jina la kwao. Tangu hapo chumvi ya Uvinza ikawa na mwenyewe. Siku hizi Uvinza inasubiri jambo kubwa zaidi: mwezi Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 282 kutoka hapo hadi Musongati nchini Burundi, kwenye akiba ya nikeli. Madini ya jirani yatapita katika stesheni ambayo leo huuziwa asali kwa madumu.

Nikiwa na mfuko wangu wa chumvi mapajani nilikumbuka habari ya Abyad bin Hammal (r.a.), iliyopokewa katika vitabu vya Sunan. Sahaba huyo alifika kwa Mtume (s.a.w.) akitokea Yemen, akaomba apewe chumvi ya Ma'rib, naye akapewa. Alipogeuka kuondoka, mmoja wa waliokuwapo alisema kwamba alichopewa mtu yule ni mfano wa maji yasiyokatika. Mtume (s.a.w.) akakirudisha. Katika mapokezi ya Ibn Majah imeelezwa kwamba Abyad mwenyewe aliridhia kukirudisha kwa sharti kwamba kihesabiwe kuwa sadaka yake, naye akakubaliwa, akapewa badala yake ardhi na mitende. Wanazuoni walijenga juu ya tukio hilo mlango mzima wa fiqhi. Walisema yako madini ya dhahiri, ambayo mtu huyachota bila ya kazi kubwa ya kuyafichua, na kati yake wakataja chumvi, lami na mafuta yanayobubujika yenyewe. Hayo hapewi mtu mmoja akawazuia wengine. Na yako madini ya batini, kama dhahabu na shaba, ambayo hayapatikani ila kwa kuchimba na kugharimia. Katika hayo wamekhitalifiana sana.

Treni ilifika Kigoma mchana. Stesheni yake nyeupe ndiyo mwisho wa reli iliyofika ziwani mwaka 1914, na kwa msafiri anayeiona mara ya kwanza huwa kama mlango: unatoka ndani ya jengo, na mara ziwa liko mbele yako. Sitalieleza ziwa hilo kwa sifa nyingi, maana walioliona hawahitaji na wasioliona hawataamini. Lina urefu unaozidi kilomita 650, kina chake kinafika karibu mita 1,470, na nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba mtoto akidondosha sarafu gatini huiona ikizama kwa muda.

Nilipita Kibirizi kabla ya kwenda Ujiji. Kwa kawaida ufuo huo hunuka dagaa kuanzia alfajiri. Wanawake huanika na kugeuza, na usiku taa za wavuvi huonekana ziwani kama mji mwingine. Safari hii palikuwa kimya. Maboti yalikuwa yamepandishwa mchangani, kwa kuwa tangu mwaka 2024 Serikali imeanza kulifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hekima yake inaeleweka. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayokula kwa wavu, na nilipoyaona maboti yale yaliyolala nilianza kufahamu kwa nini milioni tatu za dalali zilionekana nyingi machoni pa baba mdogo.

Hapana budi nieleze dalali huyo alipata wapi maneno yake, kwa sababu hakuyatunga yote. Ziwa Tanganyika limo katika Bonde la Ufa, na ni la kale sana. Wataalamu hulihesabia mamilioni ya miaka, tisa hadi kumi na mbili. Kwa muda wote huo mito imekuwa ikimwaga tope humo, na ndani ya tope yamezikwa mabaki ya mimea na viumbe vidogo. Tope juu ya tope, uzito na joto, na baada ya zama ndefu huenda yakatokea mafuta au gesi. Upande wa Kongo, kwenye rasi ya Kalamba, mafuta yamejulikana tangu zamani kuwa yanavuja yenyewe. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima katika bonde la Ruzizi nchini Burundi, haikupata cha kuuza. Kaskazini zaidi, katika ziwa Kivu ambalo maji yake hushuka kwetu kwa mto Ruzizi, Rwanda huvuta gesi ya methani kutoka vilindini na kuzalisha umeme.

Kwa upande wetu, mwaka 2010 kampuni ya Beach kutoka Australia ilipewa kitalu cha kusini mwa ziwa, ikapima chini ya maji kwa mitetemo, kisha ikaondoka bila ya kuchimba kisima. Katika duru ya nne ya zabuni, iliyofunguliwa mwaka 2013, kitalu cha kaskazini kilinadiwa pamoja na vitalu saba vya bahari kuu. Kampuni ya gesi ya Ras Al Khaimah kutoka Falme za Kiarabu ndiyo iliyokiomba. Na mwaka 2025 Serikali ilitangaza duru ya tano yenye vitalu 26, ishirini na tatu baharini na vitatu katika Ziwa Tanganyika. Hiyo ndiyo habari iliyofika vijiweni Ujiji, na ilipofika ilikuwa imekwisha ota mbawa: eti gesi imeonekana, eti Waarabu wamekwisha lipa, eti kila mwenye kiwanja ufuoni atajengewa ghorofa.

Ujiji ni mji ambao umekaa na wageni wenye mikataba kwa muda mrefu. Burton na Speke walifika mwaka 1858, wakakuta soko lenye pembe, mawese, chumvi ya Uvinza, shanga za sofi zilizotumika kama fedha, na watumwa pia. Hilo la mwisho hatuna haja ya kulificha. Livingstone na Stanley walikutana hapo mwaka 1871, na kumbukumbu yao iko chini ya miembe, mbali na maji kwa mwendo wa dakika kadhaa. Wageni wengi hushangaa kuona kumbukumbu ya watu waliokutana karibu na ufuo imejengwa mahali pasipo na ufuo. Sababu ni ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1870 lilijaa mpaka likabomoa kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, kisha likashuka kwa mita kadhaa, na kilichokuwa maji kikawa nchi kavu. Sehemu ya kiwanja cha babu yetu, kwa hiyo, ilikuwa chini ya ziwa wakati Mwinyi Kheri alipokuwa mkubwa wa Ujiji. Na katika miaka hii ya karibuni, tangu mwaka 2020, ziwa limepanda tena likameza nyumba na magati. Limekwisha chukua mstari wa chini wa michikichi yetu.

Shangazi alinipokea uani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Umekuja na akili au umekuja na huruma?" Nikamwambia nimekuja na chumvi. Hakucheka. Aliniandalia ugali wa muhogo kwa migebuka mikavu, akakaa upande wa pili wa mkeka akinitazama nikila, kama anayepima kama nitaegemea upande wake.

Baba mdogo alikuja baada ya Maghrib. Si mtu mwovu, wala si mtu wa tamaa. Ana boti aliyoikopea, mkopo haujui kwamba ziwa limefungwa, na ana binti aliyefaulu kwenda kidato cha tano. Alisema: "Sisi ardhi hatuiuzi. Tutaendelea kukaa juu. Yeye ananunua cha chini tu, ambacho sisi hatukioni wala hatukitumii. Kuna ubaya gani?"

Nilimsomea karatasi tena, polepole. Nilivyozidi kuisoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba haikuandikwa kwa ajili yetu. Iligawanya ardhi kuwa mali mbili, ya juu na ya chini, ikazungumzia ekari na mwenye nyumba kumkodisha mchimbaji. Huo ni utaratibu wa Marekani. Katika majimbo kama Texas na Pennsylvania, mwenye ardhi aweza kumiliki pia kilicho chini yake, akakiuza au kukikodisha peke yake, na akalipwa mrabaha kwa kila kinachotoka. Pennsylvania ina sheria ya mwaka 1979 inayotaka mrabaha wake usipungue sehemu moja ya nane. Mtu fulani alichukua karatasi ya huko, akaitafsiri, akaiondoa ile sehemu ya nane, akabakiza "milele".

Kwetu hakuna bidhaa hiyo sokoni. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 humpa mtu haki ya kumiliki na kutumia ardhi, haimpi madini wala gesi. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeyaweka mafuta na gesi mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Anayetaka kutafuta hupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, na mamlaka inayosimamia utafutaji, PURA. Kwa madini mengine, Tume ya Madini. Kinachomhusu mwenye kiwanja ni fidia ya ardhi na maendelezo yake endapo ataondolewa, fidia ambayo sheria imetaka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Wenye leseni ndio wawezao kuuziana leseni, kwa idhini. Baba mdogo hana leseni. Dalali alikuwa ananunua kisichokuwa chetu.

"Basi kama si chetu," akasema baba mdogo, "dhambi ya dalali iko wapi? Anajitia hasara mwenyewe." Hoja hiyo ilinikwamisha, nakiri. Shangazi ndiye aliyejibu. Alisema mtu hatoi milioni tatu kununua hewa. Atakuwa anataka sahihi zenu na namba ya kiwanja, na siku mthamini wa fidia akija, atatoa karatasi na kusema wenyewe walikwisha kulipwa, wakaahidi kutodai milele. Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyesafiri takriban kilomita 400 na vifungu vya sheria.

Asubuhi tulikwenda kwa maalimu mmoja mzee anayesomesha karibu na soko. Alisikiliza, akaomba aoneshwe karatasi, akaivuta karibu na macho. Akasema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, anayemiliki ardhi kwa milki kamili humiliki pia madini ya batini yanayopatikana humo, ilhali Maliki wamesema amri ya madini ni ya kiongozi wa Waislamu hata yakiwa katika ardhi ya mtu. "Lakini msikimbilie huko," akasema. "Hata kwa Shafii, kuuza usichokijua kama kipo, wala kiasi chake, wala kama utaweza kukikabidhi, ni gharari. Mafakihi walitoa mfano wa samaki aliye majini. Nyinyi ni watu wa Ujiji, mfano huo nikufafanulieni?" Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Kiwanja hiki kimegawiwa?"

Hakikuwa kimegawiwa. Babu alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, bibi akamfuata, na warithi walikuwa watoto wanne tu: wa kiume wawili na wa kike wawili. Mafungu sita. Mawili ya baba mdogo, mawili ya marehemu baba yangu ambayo sasa ni yetu sisi watoto wake na mama, moja la shangazi, na moja la shangazi mkubwa aliyeolewa Kasulu. Kwa miaka yote hiyo baba mdogo alilima na kuvuna mawese peke yake, na hakuna aliyemsumbua, kwa kuwa sisi tulikuwa mbali na shangazi alikuwa akinyamaza. Maalimu alimtazama akamwambia, kwa upole, kwamba hata ingekuwa mauzo hayo ni halali, yeye angeweza kuuza theluthi. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Ilikuwa vigumu kumtazama.

Nimepata kufika Mtwara, ambako gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na nakumbuka simulizi za mwaka 2013, watu walipokataa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam na damu ikamwagika. Watu wale hawakuwa wanadai kuuza chini ya viwanja vyao. Walikuwa wanauliza fungu lao liko wapi, swali lile lile la chungu na kuni. Kigoma bado haina gesi ya kugombania, na huenda isipatikane kabisa. Lakini nilivyokaa pale kwa maalimu niliona kwamba sisi tulikuwa tunajitayarisha kugombania ya ardhini, hali ya juu ya ardhi, mawese na kiwanja, fungu la dada zetu tulikuwa hatujalitoa.

Jumamosi dalali alikuja na kijana mmoja aliyeshika mhuri. Tulikuwa watu saba barazani, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimkaribisha, akampa maji, akamwomba aoneshe leseni. Dalali akasema ameiacha kwenye gari. Akaenda kuichukua, na kijana wake akamfuata na mhuri wake. Chai yao ilipoa.

Mkopo wa boti ulibaki palepale. Shangazi alisema atachukua zamu yake ya kwanza katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, amlipie binti ada ya muhula. Baba mdogo atamrudishia kwa mawese. Alikataa mara mbili, akakubali ya tatu.

Alasiri ile ile, baada ya shangazi mkubwa kuwasili kwa basi kutoka Kasulu, tulishuka kiwanjani kupima. Hatukuwa na mpimaji, tulikuwa na kamba ya wavu na vigingi. Maalimu alisimama kivulini akiandika. Ilibidi kukumbuka pia kwamba sheria ya mazingira inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukingo wenyewe umesogea. Baba mdogo alishika ncha ya chini ya kamba. Alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka maji yakamfika magotini, akitafuta kwa miguu kisiki cha mchikichi wa mwisho uliopandwa na babu. Alipokipata alipaza sauti, "Hapa!" na shangazi, aliye juu na ncha nyingine, akaivuta kamba ikanyooka.